Kisumu: Usiulize Pazuri Ni Wapi

Mara ya kwanza nilipotoka Nakuru kwenda Kisumu, nilimuuliza mhudumu wa mapokezi pale nilipolala ni wapi pazuri pa kula samaki. Alinielekeza kwa moyo safi kabisa. Nilikuta vitambaa vya meza, wageni watupu, na ngege (sato) aliyekaa kwenye friza mpaka ladha ikamtoka. Iliniuma, kwa sababu ziwa lilikuwa pale pale, nalisikia harufu.

Kosa lilikuwa swali langu. Ukimuuliza mwenyeji pazuri ni wapi, atakupeleka anakodhani mgeni ataridhika. Siku hizi namuuliza dereva wa tuktuk, "Wewe mwenyewe saa saba utakula wapi?" Wa kwanza kumuuliza hivyo alicheka, akasema, "Twende tu, hata mimi nina njaa." Tulibanana kwenye benchi karibu na soko la Jubilee, tukala omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa mtama, na osuga, yaani mnavu, iliyopikwa kwa maziwa hadi uchungu ukaisha. Mpaka leo sijala mboga iliyoishinda ile.

Jambo la pili ni saa. Wageni wengi hufika ufuo wa Dunga jioni, wapande boti na kutazama jua likizama. Ni kuzuri, sikatai. Lakini Dunga ya wenyewe ni ya alfajiri. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo kunapopambazuka mashua zinaingia na akina mama wanangoja ufuoni na makarai. (Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, basi usishangae ukikuta pametulia.) Salimia kwanza kwa Kijaluo, "Oyawore", yaani habari za asubuhi, kabla hujauliza bei wala kutoa simu ya kupiga picha. Picha omba. Mtu yuko kazini, hakuja kuonyeshwa.

Hapo ufuoni ndipo mama mmoja alinifundisha kuchagua samaki. Alifunua shavu la ngege kwa kidole gumba ili nione matamvua: mekundu, yanateleza. Kisha akabonyeza ubavu na nyama ikarudi papo hapo. "Ukibonyeza libaki shimo, wacha," aliniambia. Akanitahadharisha pia niwe nauliza kama samaki ni wa ziwa au wa kizimba, maana siku hizi wengi wanafugwa kwenye vizimba humo humo ziwani. Wala si siri. Ukiuliza kwa heshima unaambiwa.

Kama una nafasi, panda matatu ya kuelekea Bondo ushuke Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana, ambayo jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kuomba pale, kwa hiyo punguza sauti.

Ila ukiwa na siku moja tu, iwe Jumapili, na uende Kibuye. Soko lipo siku zote, lakini Jumapili ndiyo siku yake: mitumba, vyungu, kuku, mafundi wa viti na vitanda, na omena iliyokaushwa ikipimwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Usiende na orodha. Tembea mara moja bila kununua, usikie wenyeji wanalipa ngapi, halafu urudi kwa yule uliyempenda. Mimi nilirudi kwa mama aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli uliopasuka. Nilimwambia natoka Nakuru na sijui kupika omena. Aliinua mkono kunizuia nisilipe kwanza, akanieleza taratibu: ioshe kwa maji moto, ikaange mpaka ilie, nyanya baadaye, maji kidogo sana. Alinifanya nirudie maneno yake yote kama mtoto wa shule. Niliporudia bila kukosea, alijaza gorogoro hadi ikafanya kilima, akamimina kwenye mfuko wangu, kisha akachota konzi moja zaidi akaongeza juu.

"Erokamano," nikamshukuru.