Kisiwa kisicho na gati: Addu ilitumikaje vitani, na kwa nini manowari zilihamia Kilindini?

SWALI: Kepteni, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa mpakuzi bandarini Kilindini wakati wa vita vya Hitla. Alitusimulia kwamba mwaka 1942 manowari za Kiingereza zilijaa Kilindini ghafla, na mabaharia wakasema wametoka kisiwa cha siri huko Maldivi. Nimetazama ramani, naona vipande vya mchanga tu katikati ya bahari. Kundi zima la manowari lingekaaje mahali pasipo na gati, gudi la kutengenezea meli wala mto? Na kama palifaa, mbona walihama? Halafu, je, pana uhusiano wowote na meli ya Khedive Ismail iliyozama na askari wetu? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Babu yako alisema kweli. Mahali hapo ni Addu, kundi la visiwa la mwisho kabisa kusini mwa Maldivi, chini kidogo ya ikweta. Katika karatasi zao Waingereza walipaita Bandari T, ili jina halisi lisitajwe ovyo.

Ramani uliyotazama ni ya nchi kavu. Ungeshika ramani ya mabaharia ungeona jambo jingine. Visiwa vya Addu vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojikunja kama duara, na ndani ya duara hilo mna maji ya kina, mapana ya kutosha manowari nyingi kutia nanga na kuzunguka na upepo bila kugusana. Nje bahari ikichafuka, ndani pametulia. Milango ya kuingilia ni minne tu. Manowari inayotafuta maficho huanza kuuliza hayo mawili: maji ya kina yaliyokingwa, na milango michache ya kulinda. Gati ni la meli ya mizigo. Manowari huweza kukaa miezi bila gati, mradi meli nyingine ije ubavuni kuihudumia.

Ndivyo ilivyofanyika Addu. Meli za mafuta zilitia nanga ndani ya duara, manowari zikasogea moja moja kujaza kwa mipira. Risasi na chakula vilikuja hivyo hivyo. Kazi ya nchi kavu ilianza Septemba 1941, waliposhushwa askari wa Royal Marines, yaani askari wa majini wa Uingereza. Walifyeka vichaka, wakapandisha mizinga na taa za kumulika, wakaweka nyavu za chuma za kuzuia topido, yaani bomu linalokwenda lenyewe ndani ya maji, na kisiwani Gan wakatengeneza uwanja wa ndege. Yote hayo katika joto na mvua za ikweta, huku malaria na taifasi ya utitiri wa vichakani ikiwaangusha. Kazi hii haisimuliwi sana, nami naona inastahili, kwani bila hao Aprili 1942 ingekuwa na historia nyingine.

Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Hapo Uingereza ilipoteza kituo chake kikubwa cha mashariki pamoja na magudi yake. Admirali James Somerville alikabidhiwa Kikosi cha Manowari cha Mashariki mwezi Machi, na mara akapata habari kwamba Wajapani wanakuja kushambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Akawasubiri baharini kusini mwa kisiwa hicho. Hawakutokea. Usiku wa tarehe 2 Aprili akageuza kwenda Addu, maili 600 hivi za baharini kusini magharibi ya Colombo.

Sababu ya kugeuza inajibu nusu ya swali lako. Manowari zake nne kongwe, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, zilibuniwa kwa vita vya Bahari ya Kaskazini, ambako bandari ya nyumbani haiko mbali. Katika upana wa Bahari ya Hindi zilikuwa zinaishiwa maji baridi. Na manowari haihitaji maji ya kunywa tu. Mitambo ya mvuke nayo hudai maji safi, na wanamaji ni mamia kwa mamia.

Tarehe 4 Aprili kikosi kilifika Addu. Alasiri hiyo hiyo ndege ya doria iliyoendeshwa na Leonard Birchall, rubani wa Kanada, iliwaona Wajapani kusini mwa Ceylon na kutuma taarifa kabla ya kuangushwa. Aliyewaongoza ni Admirali Nagumo, yule yule aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor dhidi ya Wamarekani, akiwa na manowari 5 za kubeba ndege. Tarehe 5, Jumapili ya Pasaka, Colombo ilipigwa, na siku hiyo hiyo manowari mbili za Kiingereza, Dorsetshire na Cornwall, zikazamishwa baharini zikiwa njiani kuungana na Somerville. Walikufa watu 424. Tarehe 9 ikafuata Trincomalee, na Hermes, manowari ya Kiingereza ya kubeba ndege, ikazama karibu na pwani.

Kikosi kikubwa hakikupatikana. Wajapani walipekua Colombo na Trincomalee kwa sababu hizo ndizo bandari walizozijua. Addu hawakuijua kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo Bandari T ililipa gharama yake yote.

Lakini siri ndiyo iliyokuwa ngao yake kubwa, na siri ikifichuka mara moja basi. Mizinga michache ya visiwani isingezuia mamia ya ndege za Nagumo. Hapakuwa na karakana za matengenezo makubwa wala maji baridi ya kutosheleza kikosi kizima. Ndiyo maana, baada ya kutoka tena baharini na kurejea Addu tarehe 8, Somerville aliziagiza zile kongwe nne ziende Kilindini, na zenye mwendo wa kasi ziende Bombay. Zile kongwe ndizo alizoziona babu yako. Kilindini palikuwa na magati ya kina, reli ya kuleta chakula kutoka bara, na umbali wa maili 2,000 hivi kutoka Addu. Wasikilizaji wa redio na wavunja siri za maandishi ya Kijapani nao walihamishwa kutoka Colombo wakakaa shule ya Allidina Visram, hapo hapo Mombasa. Gudi la kutosha manowari kubwa, hata hivyo, lilikuwa Durban: Ramillies ilipopigwa topido na nyambizi ndogo ya Kijapani huko Diego Suarez, Madagaska, mwishoni mwa Mei 1942, ilikwenda huko kuzibwa.

Usiku huo huo ilizamishwa pia meli ya mafuta, British Loyalty. Iliibuliwa, ikapelekwa Addu kuwa tangi la kuelea. Tarehe 9 Machi 1944 nyambizi ya Kijerumani, U-183, ikiwa nje ya duara, ilipitisha topido katika uwazi wa nyavu na kuipiga tena. Mwaka 1946 Waingereza wenyewe waliizamisha, na wapiga mbizi huitembelea mpaka leo.

Kuhusu Khedive Ismail: ndiyo, upo uhusiano. Iliondoka Kilindini mwezi Februari 1944 kuelekea Colombo katika msafara wenye ulinzi, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kabisa lilikuwa la kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga topido mbili, ikazama kwa dakika chache. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na Petard, moja ya manowari za ulinzi, ikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji hapo hapo, juu ya waliookoka. Paladin, manowari mwenzake, ilijeruhiwa kwa kugongana na nyambizi hiyo; Petard iliizamisha kwa topido, kisha ikaivuta Paladin hadi Addu. Walionusurika nao walipelekwa Addu. Waliokufa ni 1,297.

Kama kuna ndugu yako aliyekuwemo, anza na makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ambako yameandikwa majina ya askari wetu wasio na kaburi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari lake pia. Tafuta kwa tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, na ujaribu jina kwa tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa makarani wa jeshi waliandika majina yetu kama walivyoyasikia.