Je, neno la Kiingereza "fair" maana yake ni haki tu?

Hapana, ndugu. Haki ni maana mojawapo tu, ingawa ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi. Hakimu akiitwa "fair", maana yake hapendelei upande wowote. Hapo unaweza kutumia "just" au "impartial", na "equitable" ukiongelea mgawanyo wa mali.

Panapowachanganya wengi ni kwenye alama. Mwalimu akiandika "fair" kwenye ripoti, hazungumzii haki hata kidogo: anasema kazi ni ya wastani, na kisawe chake ni "average". Halafu "a fair amount" ni kiasi kikubwa cha kutosha, kwa hiyo huo wastani usikupotoshe! Kwa nywele au ngozi ni rangi isiyokolea, kwa hali ya hewa ni anga safi isiyo na mvua. Kwenye maandishi ya zamani, mwanamke "fair" ni mrembo, na maana hiyo ya uzuri ndiyo ya kale zaidi. Hii ya haki ilikuja baadaye.

Lile "fair" la maonyesho ya biashara ni neno jingine kabisa, yamefanana tu kwa sauti na tahajia. Limetoka kwenye Kilatini, "feria", yaani sikukuu, likapitia Kifaransa.

Nakusihi usikariri orodha ya visawe. Angalia kwanza nomino inayofuata: "a just decision" inakubalika vizuri, lakini "just hair" haiwezi kumaanisha nywele za rangi isiyokolea.