Kabla hujaandika "continuously", lisikilize friji lako

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja muuguzi anayejiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza. Kwenye zoezi aliandika kwamba mgonjwa alikuwa "coughing continuously", mwalimu wake wa tuisheni akalikata neno kwa wino mwekundu, basi, bila maelezo. Ananiuliza: "Kaka, kosa liko wapi? Si alikuwa anakohoa muda wote?" Dada yangu, hapo umefika penyewe. Mimi na neno hilo tuna historia.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mafundi wa majokofu, Dar es Salaam. Mafundi walirudi jioni na maelezo yao kwa Kiswahili, mimi nayageuza kuwa ripoti za Kiingereza kwa ajili ya wateja. Siku moja fundi alitoka kukagua friji la chanjo, yale yanayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Akaniambia, "Kompresa inawaka, inapumzika, inawaka tena. Friji zima kabisa." Nikaandika "the compressor runs continually". Bosi akaisoma ripoti, akacheka mbele ya ofisi nzima: "Yaani hata continuously hujui kuiandika?" Akabadilisha, akatuma.

Sasa ukilala karibu na friji unajua tabia yake. Linanguruma, linatulia, baada ya muda linaanza tena. Baridi ikitosha, kidhibiti joto kinaizima kompresa. Joto likipanda, kinaiwasha. Hiyo ndiyo continually: jambo linajirudia na kujirudia, lakini katikati lina pumziko. Kompresa inayokwenda continuously haizimi kabisa, na kwa friji la kawaida (yale ya inverter, ambayo kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuzima, ni habari nyingine) mara nyingi hiyo ni dalili ya ubovu: gesi imepungua, mpira wa mlango umelegea, au koili za nyuma zimejaa vumbi. Mteja akapiga simu kwa hasira, anauliza vipi tunamwandikia mashine haizimi halafu tunasema ni nzima. Fundi akarudishwa kukagua friji ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi nikawa nasubiri neno "samahani". Naacha kazi pale, halijafika. Sijui kwa nini bado linanikera, lakini linanikera.

Tangu hapo siandiki neno la Kiingereza la aina hii kabla sijajiuliza kwa Kiswahili: jambo hili linatokea mfululizo, au mara kwa mara? Umeme unakatika mara kwa mara, hiyo ni continually. Mto unatiririka usiku na mchana, hiyo ni continuously. Mgonjwa wako, dada, anakohoa, anatulia, anakohoa tena. Andika continually, au hata "frequently", hakuna atakayekugombeza. Ila oksijeni aliyowekewa jioni ikatolewa asubuhi, hiyo alipewa continuously.

Hata "mfululizo" lina mtego wake. Tunasema mvua imenyesha siku tatu mfululizo hata kama kila mchana jua lilitoka na nguo zikakauka. Ukiandika "it rained continuously for three days", umesema hapakuwa na hata dakika moja kavu. Kama ulimaanisha siku zilizofuatana, andika "three days in a row".

Na tusidanganyane, wenye lugha yao wenyewe huyachanganya maneno haya wakiongea. Shuleni tulikuwa na "continuous assessment", ambayo ni majaribio yaliyoachana wiki na wiki. Lakini wao wakichanganya wanaambiwa wanaongea kawaida. Wewe ukichanganya kwenye barua ya kazi unaambiwa hujui Kiingereza. Kwa hiyo jiulize kwanza: mfululizo, au mara kwa mara?

Halafu kuna incessantly. Vijana mnalipenda kwa sababu linasikika zito. Asili yake ni Kilatini, cessare, yaani kukoma, na siku hizi limebeba kero ndani yake: mbwa anabweka, jirani kafungulia muziki. Ukiandika kwenye faili kwamba mtoto "cried incessantly", msomaji ataona umeshamchoka huyo mtoto. Constantly nalo ukiliweka kwenye "he is constantly losing his keys" linakuwa lawama, ni kama tunavyosema "huyu naye, kutwa kupoteza funguo". Kwenye "the temperature must be constantly monitored" halina ugomvi na mtu.

Na kwa wale wa grafu za IELTS, mstari unaopanda kwa mwendo uleule mwaka hadi mwaka unaelezwa vizuri zaidi na "rose steadily". Acheni kutumiana orodha za visawe kwenye WhatsApp mkachomoa lile refu kuliko yote. Urefu wa neno hauna maksi. Andika kilichotokea, na ili ukijue, jiulize kwa Kiswahili.

Isipokuwa kwa nonstop, ambalo kwanza haliongezwi -ly: "she talked nonstop", basi. Kenya Airways walipoanza safari ya Nairobi hadi New York mwezi Oktoba 2018, ilikuwa nonstop kweli, ndege inapaa Nairobi na kutua New York. "Direct" ni jambo jingine: ndege inaweza kutua njiani, ikashusha na kupakia abiria, ilimradi namba ya safari haijabadilika. Sisi zote mbili tunaziita "moja kwa moja", kwa hiyo hapo Kiswahili hakikuokoi. Kabla hujalipa, muulize wakala kama ndege inatua mahali.