Nikienda likizo wodi inaharibika

SWALI: Shangazi, mi ni inchaji wa wodi, tulipanga stoo vizuri na lebo tukabandika, nimeenda likizo wiki tatu tu narudi nakuta vurugu mechi. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwanangu, ila kiongozi ulikuwa peke yako ndo maana. Hospitali ya Rufaa Mbeya walianza 5S mwaka 2007, mbinu ya Wajapani ya kupanga na kusafisha sehemu ya kazi, na inabebwa na vitimu vidogo vya kila idara, nesi na mhudumu wanakaa wanaamua wenyewe. Sasa wewe mkabidhi stoo yule dada wa usafi anayejua kila kona, aongoze kikao cha dakika kumi kila Jumatatu we kaa kimya (najua utawashwa kuongea), akizoea amfundishe mwenzie wodi ya jirani. Likizo ijayo usipige simu.