Ombi linalomgeukia mwombaji

Kama unatafuta vichekesho vya televisheni ambamo mtu anapata alichoomba kisha anajuta, anza na The Simpsons, katuni ya Marekani kuhusu Homer na familia yake, wakiwemo wanawe Bart na Lisa; tazama ile sehemu ya 1991 iitwayo Treehouse of Horror II. Homer ananunua kiganja cha nyani chenye kutimiza maombi. Bart anataka utajiri na umaarufu. Familia inavipata, na muda si muda watu wote wamewachoka. Lisa, mwenye nia njema kuliko wote, anaomba amani duniani. Nchi zinateketeza silaha, halafu viumbe wa sayari nyingine wanaingia kututawala kiulaini! Hapo ndipo waandishi wanaponimaliza: ombi safi ndilo linaloleta balaa kubwa. Homer naye anajihadhari, anaomba sandwichi ya bata mzinga tu. Nyama inatoka kavu.

Nyingine ni Better Than Life, sehemu ya 1988 ya Red Dwarf, vichekesho vya Uingereza kuhusu wasafiri wa chombo cha angani. Humo mchezo wa kompyuta unampa kila mtu anachotamani, ila akili ya Rimmer, mmoja wa wasafiri hao, haikubali kwamba anastahili raha, basi inamletea mke, watoto wa kumwaga na mtoza kodi.