Flash ilishazikwa, anza na tovuti

Dada yangu, umeuliza kama Flash uliyofunzwa chuoni, ile teknolojia ya Adobe ya michoro na programu za kivinjari, yatosha kutengeneza programu ya duka lenu la viungo pale Marikiti, ifunguke kwenye simu, tabuleti na kompyuta. Haitoshi. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na mshindani wake, Silverlight ya Microsoft, ikafuata Oktoba 2021. Huko usipoteze muda.

Wengi watakwambia ukimbilie Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu. Ni nzuri kweli: waandika mara moja kwa lugha ya Dart, unapata ya Android, iPhone na hata kompyuta. Lakini kwenye kivinjari ni nzito kufunguka mara ya kwanza, na mteja wako yuko kwenye bando la siku. Tena kuweka programu kwenye duka lao, Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Google Play ni dola 25, mara moja tu.

Mimi ningeanza na tovuti ya HTML na JavaScript iliyowekewa sevisi woka (service worker), yaani msimbo unaokaa ndani ya kivinjari na kuiwezesha tovuti kufunguka hata bila mtandao. Mteja aibandika kwenye skrini ya simu kama programu nyingine. Mtandao ukikatika akiwa kwenye feri ya Likoni, bei ya iliki na mdalasini bado aiona, na oda yake waihifadhi kwenye IndexedDB, ghala la data ndani ya kivinjari chake, hadi mtandao urudi. Picha zipunguze kwanza, hizo ndizo walaji wa bando.

Malipo ya M-Pesa yapitishe kwenye seva yako. Funguo za siri za Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, usiziweke ndani ya JavaScript hata kwa majaribio; yeyote mwenye kivinjari atazisoma.