Mkaguzi huru atatusaidia wenye hisa?

SWALI: Mhariri, kampuni ya Marekani nilinunua hisa kwa simu imefilisika. Kwa grupu yetu hapa Kisumu wengine wanataka korti iweke mkaguzi huru, mtu wa nje wa kuchunguza vile kampuni iliendeshwa, wengine wanasema atamaliza pesa imebaki. Nishike wapi? Mama wa Kondele

JIBU: Mama, hao wa pesa wako na pointi, gharama inatoka kwa mali ya kampuni na mwenye hisa ndiye wa mwisho kulipwa, mara nyingi hapati kitu. Lakini mimi niko na wa mkaguzi kabisa. Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, ilianguka 2008, ripoti ya mkaguzi ikatoka 2010, kurasa zaidi ya 2,000, ndio watu wakaona vile madeni yalikuwa yanahamishwa yasionekane kila robo mwaka hesabu zikikaribia kufungwa. Huko Marekani hata mwenye hisa anaweza kuomba mkaguzi. Ila muombe korti imwekee bajeti na muda.